Jengo Kuu la Ofisi ya Ujenzi Mdogo

Wakazi wote wa Kolwezi, wenye nyumba na wapangaji, wanajulishwa kwamba mji wao ndio wa kwanza nchini, na pengine duniani, kupata Ofisi ya Ujenzi Mdogo. Ofisi hii inasimamia kila jengo ambalo mtu mzima anaweza kulibeba kwapani. Kabla yake majengo ya namna hiyo yaliota ovyo kama uyoga, bila kibali, bila ukaguzi, bila mtu wa kuulizwa. Mimi Mukuna ndimi katibu wake wa kwanza, na ninaandika haya kwa sababu watu wa mtaani wamekwisha kuyasimulia vibaya.

Mkurugenzi wetu alikuwa Tata Tshilombo, mtu mpana wa mwili na wa mawazo. Tulipewa vyumba viwili katika ofisi za mtaa wa Manika, ambavyo karani wa vizazi aliombwa avihame kwa muda. Karani akapeleka meza yake barazani, na akina mama wenye vichanga wakawa wanasubiri vyeti juani, jambo ambalo Tata Tshilombo alisema linaimarisha mifupa.

Mwezi wa kwanza hatukupata kazi. Mwezi wa pili tukasikia kwamba kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia, watu wazima kumi na mmoja hukutana kujenga kwa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea. Hawana watoto pale. Wanajenga wao wenyewe.

Tata Tshilombo aliweka kikombe chake cha chai mezani. "Wana kibali?"

Sikuwa na jibu, na ofisi isiyo na jibu hufanya ukaguzi.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili za taxi-moto, tumevaa kofia ngumu za mgodini kwa kuwa tulikuwa tunaingia eneo la ujenzi. Tuliyoyakuta ndani yalisikitisha. Watu walikuwa wakipeana mashauri ya kiufundi kwa uhuru kabisa. Kalumba, dereva wa lori la mgodi, alikuwa akimwelekeza Laurentine, msusi wa nywele, namna ya kusimamisha ukuta.

"Usiweke kiungo juu ya kiungo," alimwambia. "Pishanisha, sawa vile maçon anajengaka nyumba. Ukipanga sawasawa, ukuta itafunguka sawa mulango."

Laurentine alikuwa na shida nyingine. Vipande viwili bapa vilikuwa vimeng'ang'aniana. "Mi natumiaka meno," alisema.

"Acha meno, mama. Ingiza tofali ingine pembeni, kiisha sukuma polepole. Meno haina pièce de rechange ya kuweka pahali pake."

Mwalimu mmoja mstaafu akauliza kwa nini matofali yake meupe yamekuwa manjano. Wakamjibu kwa pamoja: aoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, aanike kivulini, asiyarudishe juani. Mwingine akalalamika kwamba rangi ya kahawia haipatikani mji mzima, akashauriwa atumie nyekundu iliyopauka. Yote hayo yalisemwa bila ajenda, na watu wasio na cheo. Ubaya zaidi, yalikuwa yanafaa.

Kwenye meza ya mwisho ilikuwapo stesheni ya reli. Ilijaza meza nzima, ingawa kipande kwa kipande ingebebeka kwapani: jengo refu lenye paa jekundu, saa, jukwaa, njia tatu za reli, na mabehewa mawili ya kubebea shaba. Mwenyewe alikuwa Mama Godelieve, muuguzi mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ni gare ya Lubudi," alitueleza, akidhani tumekuja kutazama. "Baba alikuwa anatumika pale, ni yeye alikuwa anageuza njia za train. Nikiwa mutoto nilikuwa namupelekea chakula, ananiruhusu nishike ile fimbo ya chuma pamoja naye. Alikufa zamani. Picha yake haiko hata moya. Njo maana najenga."

Alituonyesha mtu wa plastiki mwenye shati la buluu, amesimama kando ya reli, mkono kwenye kifimbo. Alikuwa ameijenga stesheni hiyo kwa miaka mitatu. Matofali mengine yalitoka Lubumbashi, mengine kwenye marobota ya mitumba, mengine kwa jamaa waliopita mpakani Dilolo.

Nilitoa rula. Mlango mkuu ulikuwa na urefu wa sentimita nne. Sheria ya mji inataka mita mbili. Wakazi, wale watu wa plastiki, walikuwa kumi na wanne, vyoo havikuwapo. Polisi mmoja alikuwa zamu bila kichwa, lakini hilo niliona ni la ofisi nyingine.

"Tata Directeur," Kalumba alisema, "ile ni bitu bya kuchezea."

Tata Tshilombo alimhurumia. Akaniomba nisome kifungu cha kwanza cha kanuni zetu, alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe na kukipigia mstari mara mbili. Nikasoma: "Jengo ni jengo. Udogo wa jengo si hoja."

Tukafunga stesheni. Tulizungusha utepe mwekundu kuanzia saa hadi behewa la mwisho, tukapiga muhuri kila kona. Mama Godelieve hakubishana. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba anaweza kutoka?"

Nilishauriana na Mkurugenzi pembeni. Tukamjibu kwamba mkazi wa jengo lililofungwa anatakiwa kuandika ombi yeye mwenyewe, kwa nakala nne.

Jumamosi tatu zilizofuata nilipita kukagua muhuri. Kila mara nilimkuta Mama Godelieve ameketi kwenye kiti mbele ya meza ile, mikono mapajani, hagusi kitu. Katika ripoti niliandika: mmiliki ametulia.

Kisha ikaja barua kutoka Kinshasa. Mkaguzi wa majengo ya serikali angepita Kolwezi kuamua ni ofisi zipi zipewe kiwanja cha kujenga makao. Tata Tshilombo alisoma barua hiyo akiwa amesimama. Siku mbili hakutoka chumbani mwake. Alipotoka alikuwa na mchoro, aliouchora mwenyewe nyuma ya kalenda: Jengo Kuu la Ofisi, ghorofa tatu, ofisi ya Mkurugenzi juu kabisa na roshani ya kupungia watu.

Tukarudi parokiani. Tata Tshilombo aliwaeleza wale watu kumi na mmoja kwamba Taifa linawahitaji. Wamjengee mfano wa Jengo Kuu kwa matofali yao, naye siku ya ukaguzi ataifungua stesheni.

"Tumukatalie," Kalumba alisema, hata bila kupunguza sauti.

"Tutajenga," Mama Godelieve alijibu. "Baba eko mule mundani."

Walisafisha meza ya pili, wakatandaza mchoro, wakainama juu yake kwa muda mrefu. Kalumba akainua kichwa.

"Tata Directeur, escalier haiko."

Ni kweli, ngazi haikuwapo. Ilikuwapo katika mchoro wa kwanza, lakini Mkurugenzi aliifuta ili kupanua chumba cha kusubiri, na baadaye kuongeza chumba cha kusubiria chumba cha kusubiri.

"Hilo si juu yenu," Tata Tshilombo alisema. "Katika utumishi wa umma mashauri yanatoka juu kwenda chini."

"Njo ile tunauliza, tata," Laurentine alisema kwa heshima. "Ya kutoka chini kwenda juu itapita wapi?"

Mkurugenzi aliagiza wafuate mchoro, basi. Wakaufuata. Sijapata kuona watu wakitii kwa ufundi kiasi kile. Kila kiungo kilipishana, kila dirisha lilifunguka, roshani ilikuwa na nguzo za mviringo. Kwa kuwa sisi wenyewe hatukuweza kuvunja kanuni zetu, nilijaza cheti: jengo limekaguliwa, limekamilika, linafaa kutumiwa na watu. Tata Tshilombo akatia sahihi na mihuri mitatu, mmoja kwa kila ghorofa.

Mkaguzi alifika Ijumaa, saa nne asubuhi, na paroko akatufungulia ukumbi siku hiyo moja. Aliitwa Mama Marlène, mtu wa makamo aliyekulia Likasi, upande wetu, na viatu vyake vilikuwa vya kutembea. Tulimwimbia wimbo mfupi. Alisimama kwanza mbele ya stesheni, akaitazama kupitia utepe, akasoma jina la Lubudi ukutani. Kisha akaja kwenye Jengo Kuu na kumwokota mtu wa plastiki mwenye tai.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi," Tata Tshilombo alisema kwa unyenyekevu.

"Muzuri. Nionyeshe vile unafika ku bureau yako kule juu."

Mkurugenzi alimchukua mtu wake, akamtembeza mlangoni. Akavuka mapokezi. Akaingia chumba cha kusubiri, akaingia kile cha kusubiria cha kusubiri, akafika ukutani. Akarudi. Akajaribu upande wa pili, akafika ukutani tena. Tulikuwa tumesimama watu kumi na wanne, tukimfuata kwa macho. Mwishowe Tata Tshilombo alimshika mtu wake kichwani kwa vidole viwili, akamwinua kwa nje hadi ghorofa ya tatu, akamwingiza kwa roshani.

"Nimefika," alisema.

"Nimeona. Nani amekubeba?"

Swali hilo halikuwa katika fomu yoyote tuliyoiandaa. Mama Marlène akaniomba faili. Alisoma bila haraka, akilowesha kidole kila ukurasa.

"Jengo ni jengo," alisoma. "Udogo wa jengo si hoja. Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Na hii, ya kusema jengo imekamilika, inafaa kutumiwa na batu?"

"Ni yangu pia."

"Basi muko na makao tayari. Kiwanja ya nini tena?"

Tata Tshilombo alianza kueleza tofauti kati ya jengo na mfano wa jengo. Alieleza vizuri, kwa mifano, na kila mfano ulifanana na maneno ya Kalumba siku ile ya kwanza. Mama Marlène alisikiliza hadi mwisho, akaandika mistari miwili, akatusomea: Ofisi ya Ujenzi Mdogo ina Jengo Kuu jipya lililokamilika, inahamia humo Jumatatu, vyumba vya Manika vinarudi kwa karani wa vizazi siku hiyo hiyo.

Aliazima rula yangu. Akapima mlango wa Jengo Kuu. Sentimita tatu na nusu.

"Ile gare muliifunga sababu mulango yake ni mufupi?" aliuliza. "Na hii tuifunge?"

Tata Tshilombo alikwenda mwenyewe kwenye meza ya mwisho, akaanza kubandua utepe kwa kucha, kona baada ya kona. Ulikuwa umeshika sana, maana gundi tuliichagua kwa makini. Mama Godelieve alisubiri hadi kipande cha mwisho kitoke. Akamchukua yule mtu wa shati la buluu, akampangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, akamtazama kwa karibu, akamrudisha mahali pake. Kisha akavua miwani. Laurentine alimshika bega.

Tangu Jumatatu hiyo kazi inaendelea kama kawaida. Barua zetu zinaletwa Jengo Kuu, meza ya pili, ukumbi wa parokia. Kwa kuwa ukumbi hufunguliwa kwetu Jumamosi tu, tumepunguza foleni kabisa. Kanuni inamtaka Mkurugenzi awepo kwenye makao yake saa za kazi, kwa hiyo Tata Tshilombo huja, huketi kwenye kiti mbele ya ghorofa zake tatu, na huzitazama.

Jumamosi ya tatu alimwita Kalumba kwa sauti ya chini.

"Kama mtu angetaka kuweka ngazi," alisema, "bila kuharibu kitu."

"Haiwezekane, tata. Lazima ubomoe salon ya kusubiri."

"Yote?"

"Zote mbili."

Mkurugenzi alivitazama vile vyumba viwili. Laurentine akaweka mbele yake beseni la matofali yaliyochanganyika. "Mugeni anaanza na kuchambua, tata. Bidogo hapa, bikubwa pale, na bya kuvunjika unatia mu kikombe."

Tata Tshilombo alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti. Akaingiza mikono yote miwili katika beseni. Nilifungua daftari, nikamuuliza kama niandike muhtasari. Bila kuinua macho aliniambia nisogee kidogo, ninamzibia mwanga.