Malalamiko Kuhusu Pilau Juu ya Meza ya Tenisi

Kanamkemer, Lodwar
Jumatatu asubuhi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi

Mheshimiwa Mzee Ejore,

Nakusalimu: ejok. Natumaini wewe na mama mko salama. Mimi ni Nakaale, msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, yule anayekusalimu akitazama sakafu. Ningekuja kusema haya kwa mdomo, lakini sauti yangu huishia mlangoni.

Jumamosi nitakwenda Kakuma kucheza tenisi ya meza na wasichana wa huko. Sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote kabla ya hili. Tuna meza moja tu, na kwa wiki tatu washiriki wa semina ya kupambana na njaa wamekuwa wakipakuliwa chakula juu yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Historia inarudi nyuma. Nimesoma kwamba mchezo huu ulianzia Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwenye meza za chakula. Watu walimaliza kula, wakaondoa sahani, wakapanga vitabu katikati badala ya wavu, wakapiga kizibo cha chupa kwa vifuniko vya maboksi. Mzee, zingatia neno "walimaliza". Wageni wetu hawajamaliza. Chai ya saa nne hutoka pilau ikiingia.

2. Wavu umetumiwa kufunikia nyama. Matundu yake yanapitisha nzi, kwa hivyo hata nyama haifaidiki.

3. Kona ya kushoto imelowa mafuta, na mpira ukiangukia hapo hauruki. Akaale, ninayefanya naye mazoezi dakika kumi kabla ya chai, hulenga hapo tu, kisha husema, "Wacha kunilaumu, dada. Laumu mchuzi."

4. Habari zimefika Kakuma. Nahodha wao, Nyandeng, amenitumia ujumbe: "Sista, Jumamosi mnakuja na raketi ama na vijiko?" Nimeandika jibu na kulifuta mara sita.

5. Kutoka meza zile za Waingereza hadi mashindano ya kwanza ya dunia, mwaka wa 1926, ilipita karibu miaka arobaini. Kama kamati imeamua tuanze upya, sipingi. Naomba tu muwaandikie Kakuma waahirishe Jumamosi kwa miaka arobaini. Nitakuwa na miaka hamsini na minane, na huenda aibu itakuwa imeniisha.

Hilo lisipowezekana, meza irudishwe kesho, na wageni wale chakula wakiwa wameshika sahani mkononi, kama sisi tunavyokula harusini. Wamekuja kujadili njaa. Hawatadhurika wakiisogelea kidogo.

Nisalimie wanakamati wote, mama, watoto, na mlinzi wa lango, ambaye pia hupata sahani.

Wako mtiifu, aliyeinamisha kichwa,
Nakaale

N.B. Nimeleta barua nikakuta umetoka. Nabei, dada anayepakua chakula, ameniambia, "Kumbe wewe ndiye wa kwenda Kakuma? Hebu tucheze kabla wali haujaiva." Hajawahi kushika raketi maishani. Amenifunga kumi na moja kwa tatu. Anasema kupakulia watu sitini wanaosukumana, mara tatu kwa siku, kumempa mkono mwepesi na jicho lisilolala. Tafadhali puuza yote niliyoandika. Semina iendelee hadi Ijumaa, na mkiweza iongezewe chakula cha jioni. Ninachoomba sasa ni mwiko mmoja wa kupakulia. Naweza kuanza leo mchana.