Senti ya Mnyororo, Namba 212

Jumatatu, 9 Septemba

Imefika. Nimemwahi mleta barua ngazini, suruali ya kulalia bado mwilini. Senti ya mnyororo ya mwaka 1793. Nakala, bila shaka. Namba 212 kati ya 500, na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Seti imetimia: nakala kumi na mbili za sarafu za mwanzo kabisa za Marekani, na zote ni zangu, Elwood Zimmerman, kinyozi mstaafu.

Nashukuru. Miaka miwili iliyopita nililala hospitali, kifua kimeshonwa kama gunia. Mke wangu Verna akaniletea ile ya kwanza ili nipate kitu cha kuchezea badala ya kengele ya muuguzi. Tangu siku hiyo sijatulia. Wala yeye.

Kuna kero moja tu. Jumamosi ni maonyesho ya klabu yetu ya sarafu, pale ukumbi wa zimamoto. Mwenyekiti ni Merle Hostetter. Sarafu zake ni halisi, zote ndani ya sanduku la kioo lenye kufuli. Mwaka jana na mwaka juzi alininyima meza. Alisema nakala zangu ni vifungo vya koti. Alisema hivyo mbele ya watu, anakunywa supu ya kuku na mahindi, na wala hakuacha kunywa.

Mwaka huu ataacha. Nina mpango.

Jumanne, 10 Septemba

Tatizo la senti yangu ni kwamba inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Lazima izeeke kabla ya Jumamosi. Nimeiloweka kwenye siki na chumvi, kisha nimeizika bustanini, mstari wa nyanya, chini ya mche wa tatu.

Jumamosi nitamwekea Merle kiganjani, uso juu. Atashtuka. Atadhani ni yenyewe. Halafu ataigeuza na kukuta neno NAKALA limegongwa mgongoni, maana sheria ndivyo inavyotaka. Nimepiga hesabu: sekunde tatu. Sekunde tatu zinanitosha kabisa.

Verna aliuliza siki imekwenda wapi. Nilisema nimeinywa, kwa ajili ya moyo. Akanibusu kipajini, akasema anamshukuru Mungu kwamba hatimaye najitunza. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda kuifukua. Nyanya hazipo. Vijiti havipo. Mstari haupo.

Verna alitaka kunifurahisha. Kwa kuwa mgongo wangu unauma, aling'oa nyanya zote jana nilipokuwa kwa daktari, akalima bustani nzima kwa uma wa kulimia, akapanda spinachi. Peke yake, kwa mikono yake. Mwanamke gani mwingine angefanya hivyo? Nilisimama pale machozi yakinilengalenga.

“Nilijua utafurahi,” akasema, “ila si kiasi hiki, baba.”

Alipokwenda mazoezi ya kwaya nilichimba kwa kijiko. Nimepata minyoo. Minyoo yenye afya nzuri.

Katika mji huu mtu mmoja tu ana mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Sitaki hata kuliandika jina lake.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimempigia Merle. Nilimwambia nimepoteza ufunguo bustanini. Alifika baada ya dakika kumi, na mvua inanyesha. Magoti yake ni mabovu kuliko mgongo wangu, lakini alipiga magoti kwenye matope saa moja na nusu bila kulalamika. Alipata misumari sita, kizibo cha bia na uma wa keki ambao tangu Krismasi Verna alimshuku dada yangu kuuiba.

Kisha mashine ikalia. Akaitoa senti, akaifuta kwa kidole gumba. Ilikuwa ya kijani, imejaa vishimo. Haikuzeeka, imeugua. Merle akaitazama uso, akaigeuza. Nilihesabu. Hazikufika hata sekunde mbili.

“Umeitia siki, Elwood?”

“Na chumvi.”

“Sasa kwa nini, ndugu yangu?”

Mtu akiwa amelowa kwa ajili yako ni vigumu kumdanganya. Nikamweleza yote, mpaka zile sekunde tatu. Nilidhani atacheka. Akageuza ndoo, akaikalia. Akasema nilipokuwa hospitali mikutano ya klabu ilikuwa kama matanga. Wiki sita hakuna mtu wa kumbishia. Kila alichosema, watu waliitikia tu.

“Njoo kesho na vifungo vyako,” akasema. “Nusu ya meza yangu ni yako. Ila ukipoteza ufunguo tena, mwite fundi.”

Verna alimpa pai ya molasi. Alikula vipande viwili. Nilimpa na changu.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika polepole, nisisahau kitu.

Upande wa Merle: kioo, kufuli, karatasi ya USIGUSE. Upande wangu: kitambaa cha meza cha Verna, basi. Sanduku la kioo sina.

Saa nne akaingia Mwalimu Eshleman, ameshikwa mkono na mpwa wake. Ana miaka tisini na mmoja. Alitufundisha historia, mimi na Merle, dawati moja. Sasa ni mwaka wa nane haoni kabisa. Aliuliza mezani kuna nini. Merle akamsimulia sarafu zake moja baada ya nyingine, kwa adabu, na Mwalimu akawa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa orodha ya vyakula vya hoteli ambayo jiko lake limefungwa.

Mimi sikuwa na la kusimulia. Nilimwekea zangu kiganjani.

Alipapasa zote kumi na mbili. Ile ya kijani ndiyo aliyokaa nayo. Alifuata mnyororo kwa ukucha, pete baada ya pete, akihesabu kwa sauti. Kumi na tano, kwa majimbo kumi na tano ya wakati ule. Akaigeuza, akafika kwenye uso wa yule mama anayewakilisha Uhuru.

“Miaka arobaini nimewafundisha watoto habari za senti hii,” akasema, “na sijawahi kuishika. Kumbe nywele hazikuchanwa.”

Kisha akasema katika zote, hii ndiyo anayoisikia kuwa ya kale.

Nilitaka kumwambia ni siki. Sikumwambia.

Merle alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Halafu akatoa ufunguo, akafungua lile sanduku ambalo hata mimi sijawahi kuliona likifunguliwa, akachukua senti yake halisi ya mwaka 1798 na kuiweka kwenye kiganja kile kingine. Mwalimu akasimama hapo na senti mbili, ya kweli na yangu, anatabasamu. Hata wapishi wa supu waliacha masufuria, wakaja kutazama.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani nimeshukuru kwa majina: Verna, Mwalimu Eshleman, daktari wa moyo, Merle. Hasa Merle. Nimeahidi kuacha hila. Ukweli unalipa, nimeuona kwa macho yangu.

Nimefikiri pia kuhusu magoti yake. Uenyekiti ni mzigo. Uchaguzi ni Novemba. Wanachama tuko kumi na saba, na jana tisa walinipa mkono wa pongezi. Tisa katika kumi na saba! Kumpumzisha itakuwa wema tu. Mwalimu Eshleman atanisemea, ingawa bado sijamwambia.

Mchana nimempigia Merle, kuomba aniazime mashine yake ya kuchapia mabango. Amekubali mara moja. Amesema ataileta mwenyewe, na karatasi atatoa yeye. Hata hakuuliza ni ya nini.

Mungu ambariki. Katika hotuba yangu ya ushindi nitamtaja wa kwanza.