Fundi Ndani ya Yai

Jumatatu, 4 Machi
Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamezivamia tena hoho za banda letu la nailoni. Banda la jirani ni la shemeji, kaka wa mke wangu: humo hakuna hata mmoja! Anafuga wale wadudu wekundu wenye madoa meusi. Wanawatafuna vidukari kama karanga. Na mama mkwe katangaza: mwenye hoho safi ndiye atakayepewa banda lake kubwa. Nikaenda kumsalimia shemeji. Nikatoka na majani mfukoni, yamejaa mayai ya wadudu wake. Salamu njema sana.

Jumanne, 12 Machi
Mayai yamekuwa meusi. Yanaiva! Nimemwambia mke wangu ajizoeze maisha ya banda kubwa. Akauliza chupa yake ya sukari nimeipeleka wapi.

Alhamisi, 14 Machi
Hawakutoka wadudu wa shemeji. Wametoka nyigu, wadogo kuliko chembe ya pilipili manga! Bwana shamba kacheka, kaeleza: nyigu mama hutaga ndani ya yai la mdudu mwingine, mwanawe hulila kwa ndani. Akanishauri niwachome moto.

Niwachome! Nimeazima kioo chake cha kukuzia, nimetazama mpaka chai ikapoa. Nyigu anapapasa yai mojawapo lililobaki zima, analigonga kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Anazunguka, anapima, anadunga. Mguu hautetereki. Mimi nikitundika picha, ukuta mzima unabomoka. Fundi wa namna hii sijamwona.

Mke wangu kauliza kama nitakula leo. Nikamwambia asubiri, fundi alikuwa ameanza yai jingine.

Jumatatu, 18 Machi
Wazo! Mafundi wangu wakamalize mayai ya shemeji. Nikanyemelea bandani kwake, nikafunua chupa. Tupu! Kitambaa nilichofunikia kina matundu. Watakuwa wametorokea bandani kwetu, nilikokuwa nimeiweka.

Narudi, namkuta shemeji bandani kwetu, anatundika majani yenye mayai kwenye kila mstari. Ametuonea huruma. Mke wangu anamshukuru, machozi yanamlengalenga. Nikashukuru na mimi.

Jumamosi, 23 Machi
Mayai yote meusi. Hawakubakisha hata moja. Kazi safi, lazima nikiri.

Mama mkwe kageuza jani, kaniita. "Mwanangu, wewe umelima vidukari. Hizi hoho ni magugu."

Banda kubwa kapewa shemeji. Mke wangu atakuwa anamsaidia. Mchana tu, anasema.

Jumapili, 24 Machi
Bwana shamba kaja kunipa pole. Anasema yuko nyigu mwingine, mdogo zaidi, anayetaga ndani ya nyigu hawa. Ndani ya fundi mwenyewe! Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote, anapatikana wapi.