Pudini ya Zabibu na Pudini ya Tende

Leo mchana, siku ya Krismasi, nimemfundisha mama wa miaka themanini na ushei kupika pudini ya jikoni kwake mwenyewe. Sebuleni kwake. Wajukuu zake wakisikiliza. Na aliponirekebisha, nikamrekebisha yeye.

Nieleze kwa mpangilio, maana mwenyewe sijaelewa.

Wachaga wenzangu mnajua, Desemba tunahamia Moshi. Ila miaka ile ya foleni nauli ilitushinda, tukabaki mtaa wa Gerezani, kwenye nyumba za reli (baba alikuwa fundi karakana). Sukari ilipatikana duka la ushirika kwa kupanga mstari tangu alfajiri. Ukichoka, unaweka jiwe mahali pako, unakwenda kupumzika, na jiwe linaheshimiwa kama mtu mzima. Jiwe letu mara nyingi lilirudi mikono mitupu.

Lakini Krismasi mezani kwetu hapakukosa pudini. Mkate mkavu, sukari iliyounguzwa kidogo, samli, iliki na zabibu, vyote vimepikwa kwa mvuke ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mama alipindua kopo juu ya sahani, akaligonga kitako, pudini ikatoka nzima, nyeusi, inang'aa, na alama za mikunjo ya kopo ubavuni. Tuliamini ni siri ya ukoo.

Mama tumemzika mwaka huu. Ndugu tumekubaliana tukutane kwangu leo jioni, kila mmoja na kitu cha mama. Dada ana kitenge chake. Kaka ana redio yake (imekufa, lakini anayo). Mimi nikasema nitaleta pudini. Sina kingine.

Asubuhi nikapika mbili, kwa ladha ninayoikumbuka. Moja ya jioni, nyingine ya Mama Salma, Mwarabu aliyekuwa na duka pale kona yetu na mumewe, ambaye sasa ni marehemu. Siku hizi anaishi ghorofani Mchafukoge. Enzi za mama ndivyo ilivyokuwa: Krismasi sahani inatoka kwetu kwenda kwao, Idi inatoka kwao kuja kwetu, na sahani ya mtu hairudi tupu.

Nikaamkia, nikakaa, nikaweka sahani mezani. Wajukuu wakauliza hiki ni nini. Hapo ndipo nilipotakiwa kujibu "keki" na kunyamaza.

Nikatoa mhadhara. Jinsi ya kulainisha mkate. Jinsi ya kutwanga iliki. Jinsi bibi yetu alivyomrithisha mama (hili nililiongeza palepale). Mama Salma alikula taratibu, akiitikia "Enhe?" kila nilipopumua. Nikadhani amevutiwa.

"Hapa ingekaa tende," akasema.

"Hapana, Mama Salma. Ya asili ni zabibu. Mchaga tende angezitoa wapi?"

(Na zabibu je, angezitoa wapi? Sikujiuliza.)

Akafuta vidole. Akaniuliza kama niliwahi kumwona mama akiipika, kwa macho yangu. Nikamkumbuka akiligonga kopo. Nikatafuta kichwani moto, sufuria, mvuke. Sikupata hata moshi.

"Eli, mwanangu, ile pudini ilitoka jikoni kwangu."

Akaeleza. Mwenye duka akionekana anampa jirani sukari miaka ile, kesho anaitwa mlanguzi. Na mama yangu hakuwa mtu wa kupokea sukari ya bure. Kwa hiyo Mama Salma aliipika kabisa, maana sukari ikishakuwa pudini haiulizwi imetoka wapi. Kila mkesha wa Krismasi alimpelekea mama kopo, limefunikwa kanga.

Mjukuu mmoja alikuwa ananirekodi tangu mwanzo wa mhadhara. Nikamwomba afute. Akasema ameshatuma kwenye kundi la ukoo.

Mimi nilikuwa nawaza jioni. Kitu pekee cha mama nilichokuwa nacho, si cha mama. Nikaanza kufunika sahani niondoke nayo (ndiyo, zawadi niliyoileta mwenyewe).

Ndipo Salma, bintiye niliyekua naye, akatokeza kutoka jikoni.

"Lakini mama, Krismasi sisi tulikuwa tunakula pudini ya kina Eli."

"Ipi? Wao walinirudishia kopo na sahani ya pilau."

"Pilau na pudini. Nzima, na mikunjo yake. Tuliimaliza kabla hujatoka dukani."

Mama Salma akamkazia macho. "Ilikuwa na nini ndani?"

"Tende."

Mimi nikasema, taratibu, kwamba ya kwetu ilikuwa na zabibu. Hilo naliapia, maana tulikuwa tunazihesabu na kugombana.

Tukalipanga pamoja, watu wazima watatu, polepole kama watoto wa darasa la kwanza. Mama alipokea kopo. Akaitoa pudini ya tende, akaiweka kando. Usiku, sisi tumelala, akapika ya kwake ya zabibu ndani ya kopo lilelile. Asubuhi akawarudishia ya kwao kama zawadi. Kila nyumba ilikula pudini yake, na kila nyumba ilimshukuru jirani.

Kwa hiyo ni ya mama! Nikataka kusimama nimkumbatie Salma.

"Subiri," akasema Mama Salma. "Sukari alitoa wapi?"

Nikasema labda foleni. Akasema foleni anaijua na jiwe letu analijua.

"Na zabibu, Gerezani nzima, zilikuwa duka moja tu."

"La nani?" nikauliza. (Mimi ni mtu wa kuuliza. Ndiyo maana niko hapa.)

"La kwetu. Na funguo za stoo alishika Baba Salma peke yake."

Akaweka kijiko chini. Hakukigusa tena. Nikaaga, nikaitikiwa kwa kichwa.

Dada amepiga simu, anauliza nimeandaa maneno gani ya kusema juu ya pudini ya mama. Wenye kucheka chekeni, ila mnisaidie jibu. Sahani yetu imebaki Mchafukoge. Miaka yote hii, haijawahi kulala kwao.