Dirisha la Kupozea Maoni

Kwa furaha isiyo kifani, na baada ya mashauriano mapana yaliyofanywa na mtu mmoja, Ofisi ya Wadi yetu ya Mjambere ilitangaza kufunguliwa kwa Dirisha la Kupozea Maoni, la kwanza la aina yake katika Pwani yote, na nadhani hata huko kusikokuwa na pwani. Aliyekaa nyuma ya dirisha hilo ni mimi. Naeleza kwa sababu watu wanacheka, na jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Lilikuwa na muhuri.

Kwanza mjue grupu letu la simu. Laitwa Sauti ya Mjambere, lina watu elfu moja na ishirini na nne, na ukitaka kuongeza mmoja, simu inakataa. Humo ndimo tunamojua nani kafiwa, nani kaposwa, na gari la maji limeonekana wapi. Baina ya hayo watu walikuwa wakitoa maoni. Asubuhi siasa. Mchana mwimbaji gani kavaa nini jukwaani na nani kamruhusu. Jioni tamthilia ya Kituruki, na yule aliyetukana chama cha watu asubuhi ndiye anayemlilia bi arusi wa tamthilia jioni. Hakuna aliyelala na jambo moyoni. Tulikuwa na afya kupita kiasi.

Basi Bwana Ghalib, Afisa Mratibu wa Wadi, akazindua kisima. Akakata utepe, akapigwa picha, akafungua mfereji, ukatoa upepo. Picha ikaingia grupu. Bi Dhahabu, anayeuza viazi karai mbele ya ofisi, akaandika chini yake: "Kisima hiki chafaa kuanikia nguo." Watu mia nne wakacheka kwa vidole.

Kwa bahati mbaya ilikuwa ni wiki ile ile Bwana Ghalib alipoomba ukurugenzi. Ukurugenzi wa kisiwani, ng'ambo ya daraja, wenye ofisi ya kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Aliungoja miaka kumi na mmoja. Suti ya kuingia nayo kazini ilikwisha shonwa, ya kijivu, imetundikwa nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiupangusa mfuko vumbi kila Jumatatu. Na Bodi ya Uteuzi ina desturi ya kuchungulia magrupu, ione mwombaji anaonwaje na watu wake. Watu wake, kama nilivyosema, walikuwa wamemwona.

Bwana Ghalib hakukasirika. Alitunga nadharia. Akatuita sisi wafanyakazi wote, yaani mimi, akatueleza kwamba maoni kwa asili yake si mabaya. Ubaya ni kuwa watu huyatoa yangali moto. Uji wa moto mtu haunywi, atakunywa vipi maoni? Kwa hiyo kuanzia tarehe moja, kila mwenye maoni ayaandike kwenye Fomu M.1, aambatanishe picha mbili za pasipoti, ayalete dirishani, yalale kwenye trei siku ishirini na moja za kazi. Yakitoka yapigwe muhuri wa YAMEPOA, ndipo mwenyewe ayatume grupuni. Atakayetuma bila muhuri atolewe. Kutolewa si adhabu ndogo. Ukitolewa, gari la maji litapita mtaani kwako na wewe umekaa tu ndani.

Aliyehitajika sasa ni karani asiye na maoni. Mimi nilikuwa nimepika chai pale miaka mitatu.

"Samiha, umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Darasa la nane."

"Na waonaje mpango huu?"

Nikamtazama. Mimi huanza kwa kutazama. Nikiwa bado natazama, akageukia picha iliyo ukutani akaiambia, "Umeona? Hana." Akanikabidhi muhuri. Kanuni ya tatu akaiandika kwa ajili yangu: karani haruhusiwi kusoma karatasi yoyote, asije akaambukizwa.

Mafanikio yalionekana mara moja, yaani baada ya siku ishirini na moja. Bi Dhahabu alikuwa ameleta maoni kwamba bi arusi wa tamthilia asithubutu kuinywa ile sharubati ya mama mkwe. Nilipomrudishia yamepoa vizuri, bi arusi alikwisha kuinywa, akafa, akazikwa, na pacha wake akatokea Ankara kudai nyumba. Mwidani wa bodaboda alileta maoni makali ya kumponda mgombea mmoja na chama chake. Yalipoiva, mgombea alikwisha kuhama chama mara mbili, kwa hivyo Mwidani akajikuta anamponda yule anayempenda, kwa muhuri rasmi. Aliyatuma hivyo hivyo. Alisema muda wa kupanga foleni hauwezi kwenda bure.

Siku moja likazuka suala la kiufundi. Mtu aliuliza grupuni, "Habari za asubuhi?" na Mwidani akajibu, "Njema." Bwana Ghalib akaniita akaniuliza njema ni nini kama si maoni. Maji siku ya nne hayajaonekana, stima yaja na kuondoka kama mjomba mwenye wake wawili, na mtu asema njema. Huyo ama anasifu, ama anadhihaki, na yote mawili yana trei yake. Ukatoka waraka. Salaam iitikiwe kama ilivyo, kwa kuwa hiyo ni dua na wadi haina mamlaka nayo. Lakini ukiulizwa habari, jibu rasmi ni "Zipo." Kwamba habari zipo, hilo hata mahakama haiwezi kulipinga.

Watu wa kwetu hawawezi kuacha salamu ikining'inia bila jibu, kwa hiyo walizoea upesi. Habari za nyumbani? Zipo. Watoto? Wapo. Mgonjwa wenu je? Yupo. Na siku nyingine, Mola atuhifadhi, hayupo.

Ni kweli kulikuwa na wakaidi. Mwidani alileta dirishani kadi ya arusi, nzuri, yenye maua ya dhahabu, akitualika sote kwenye ndoa ya Mfereji na Maji waliotengana tangu Ramadhani. Bwana Ghalib alikaa nayo saa nzima. Akaufunga mlango wa ofisi kwa kufuli na kuandika kanuni ya tisa: karatasi zote ziingie kwa dirisha tu, na kila karatasi iingiayo dirishani ni maoni, iwe kadi, barua au risiti, na italala. Ikija kwa haraka ilale siku saba zaidi, kwani maoni ya haraka ndiyo ya moto kabisa. Nikaibandika ukutani kwa gundi.

Hapo ndipo Bodi ilipochungulia. Mwenyekiti wake, Bi Intisar, mama wa makamo mwenye picha ya waridi kwenye simu yake, aliingizwa grupuni Jumatatu asubuhi baada ya mtu mmoja wa Mjambere kuhamia Miritini na kutuachia nafasi. Akatusalimu. Tukamwitikia sote kwa salaam kamili. Kisha akauliza, "Habari za Mjambere?"

Zipo. Zipo. Zipo. Nilihesabu mpaka mia saba nikaacha, chai ilikuwa inafurika.

"Na kile kisima kipya?"

Kipo.

"Na Bwana Ghalib mwamwonaje?"

Hapo simu ikaonyesha watu wanaandika, wanaacha, wanaandika tena. Mwisho Bi Dhahabu akajitolea kwa niaba ya umma: "Yupo." Wengine wote wakafuata.

Bwana Ghalib alikaa chini ya suti yake, uso umemwiva. Akaniuliza kama Bi Intisar ataielewa vizuri hiyo "Yupo". Nikamwambia sijui, kwa kuwa kujua ndiyo njia ya kuelekea kwenye maoni. Akanisifu, ila bila nguvu. Akatoka kwenda kukitazama kisima, labda kimebadilisha nia.

Jumatano yake akaja dirishani tarishi wa Bodi, binti wa bara kwa jina Lynnette, na bahasha ya kaki.

"Sasa, dada. Hii ni ya bosi wako. Nimpe mwenyewe?"

Nikamwonyesha kufuli, kisha kanuni ya tisa. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Lakini hii si maoni, ni barua ya Bodi."

"Bodi ni watu?"

"Watu watano."

"Basi ni maoni matano kwenye bahasha moja."

"Imeandikwa HARAKA SANA. Si unaona hapa juu?"

"Naona. Ndiyo sababu itakaa ishirini na nane."

Lynnette aliniuliza kama niko sawa. Nikamjibu, "Nipo." Akacheka, akatia sahihi, akaenda zake. Nilifikiri kidogo, kufikiri hakukukatazwa, kilichokatazwa ni kusoma. Kisha nikaiweka bahasha chini kabisa ya trei, penye baridi.

Kila asubuhi Bwana Ghalib alinipitia akiuliza, "Samiha, habari za kisiwani?"

"Zipo," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwamba waraka umenikaa.

Wiki ya tatu picha ya Bwana Talha, aliyeuomba ukurugenzi ule ule, ikaenea simu hadi simu, amekalia kiti kinachozunguka, amekizungusha kidogo. Bwana Ghalib aliitazama siku nzima. Akasema Bodi ilimchukia tangu zamani, na kwamba watu wa Mjambere wamemmaliza kwa neno moja. Suti hakuishusha. Aliigeuza tu, ikatazama mlango.

Siku ya ishirini na nane nikaipiga ile bahasha muhuri, YAMEPOA, nikampa mkononi. Akaisoma kwa sauti, kwa hivyo kanuni ya tatu sikuivunja. Bodi ilikuwa imeona kwamba katika wadi zote hakuna afisa aliyewatuliza watu wake kama Bwana Ghalib. Kwamba grupu zima halikuwa na lalamiko hata moja. Kwamba ukurugenzi ni wake. Athibitishe ndani ya siku saba. Akinyamaza, Bodi itafahamu kwamba hautaki, nao atapewa Bwana Talha.

Akakaa. Akasimama.

"Hii ilifika lini?"

Nikamwonyesha tarehe. Mimi huandika tarehe vizuri, hata mwalimu wangu alikuwa akinisifu.

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia kila asubuhi, Bwana."

Akatoa simu. Akafungua grupu la Sauti ya Mjambere, akaanza kubonyeza herufi, na ilidhihirika kwamba alikuwa na mengi ya kusema juu ya ofisi, dirisha, kanuni na aliyezitunga. Nikamsogezea Fomu M.1, na kalamu.

"Picha mbili, Bwana. Na hayo yaonekana ya moto. Ishirini na nane."

Alinitazama muda mrefu. Mimi nimezoea kutazamana. Mwisho akaichukua fomu, akafungua kufuli, akatoka, akazunguka nje kwenye dirisha, akasimama mwisho wa foleni kama kanuni ya kwanza inavyoagiza. Mbele yake alikuwa Bi Dhahabu, anayeleta kwa mara ya tatu maoni yake kuhusu kisima. Bwana Ghalib akamwamkia shikamoo, maana adabu haihitaji fomu. Bi Dhahabu akamwitikia marahaba, akamsogezea kivuli.

"Habari za kazi, mwanangu?"

Bwana Ghalib akaitazama foleni, akautazama muhuri mkononi mwangu.

"Zipo," akasema.