Mkwe Hasukumwi

Jumamosi, 1 Februari

Leo nimempoteza mwimbaji wangu wa besi. Hajafa, Mungu ashukuriwe. Amechukuliwa na mpira wa Kimarekani.

Ni Hénock, jirani yangu katika nyumba hii ya Bellevue. Ukuta mmoja tu kati yetu, na ukuta wenyewe ni mbao. Kijana wa Uvira, mlinzi wa duka la dawa, mwili kama kabati la sakristia. Alibisha hodi, akavua viatu, akaomba radhi kabla hata ya kutaja kosa. Kwaya yangu imemlea vizuri! Akaeleza kwamba kuna klabu inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa Kensington, na kwamba watamjaribu kwa majuma mawili kabla ya msimu kuanza. Akifaa, atacheza mechi zote. Mechi zote ni Jumapili asubuhi.

Jumapili asubuhi!

Nilimtakia heri. Nilimmiminia chai. Wenye sauti nyembamba ninao hata wa kugawia parokia jirani. Besi ninaye mmoja. Naomba nisamehewe, lakini chai ilikuwa haijapoa na mimi nilikwishaanza kutafuta njia.

Jumapili, 2 Februari

Misa njema. Hénock aliposhuka kwenye noti za chini, benchi la mbele lilitetemeka na mama mmoja akashika mkoba wake.

Baada ya Misa tulikula ugali na ndagala, yaani dagaa, chumbani kwangu, kama kila Jumapili. Tangu marehemu mke wangu Emérite alipotwaliwa, kiti chake siku hiyo hukaliwa na Hénock. Kiti kitupu kina kelele nyingi mno kwa mtu wa umri wangu.

Nikamwuliza, kwa upole, anatafuta nini katika mchezo wa watu waliovaa magodoro mabegani. Alimeza tonge. Kisha akasema, "Papa Méthode, kazini ninasimamaka mlangoni siku nzima, nazuia watu, na kila mwenye anapita ananikunjia uso. Kule nikizuia mtu, wenzangu wananikumbatia."

Nikamwongezea ndagala.

Hata hivyo, nimeazimia kwamba hatachaguliwa.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda uwanjani. Tai, kofia, mwavuli. Mpango: kumwarifu kocha, kwa masikitiko, kwamba goti la kijana si zima.

Kocha ni mwanamke! Mwalimu Tshidi wa Soweto, afundishaye michezo shuleni. Nilivua kofia. Nilijitambulisha kuwa mlezi wa Hénock, mwalimu mstaafu, niliyesomeshwa na mapadre huko Kigoma baada ya kuikimbia Burundi. Kabla sijalifikia goti, alikwishanipa kiti na kazi. Alisema kila anayemwomba msaada hutazama mpira, kwa hiyo hakuna anayemwona mchezaji wa mstari wa mbele. Anamhitaji mtu asiyeujua mchezo kabisa. Aliiangalia tai yangu akaridhika.

Kazi yangu: nimtazame Hénock peke yake. Kila mara akimzuia mtu wake, niandike msalaba. Akishindwa, kistari.

Nimeuelewa mchezo kiasi. Wapo wanaume watano wanaojipanga mstari. Nyuma yao yuko mrushaji wa mpira. Wapinzani wanataka kumwangusha mrushaji. Wale watano wanasimama katikati na kuzuia kwa vifua na mikono. Mpira hawaushiki. Hawafungi. Wakifanya kazi vyema hakuna anayewakumbuka. Wakikosea mara moja, uwanja mzima unayataja majina yao. Nilikaa nikilitafakari jambo hili. Ndivyo ilivyo besi. Hakuna aliyewahi kutoka kanisani akiisifu besi, lakini siku isipokuwapo watu huuliza kwa nini wimbo ulichechemea.

Kisha radi. Kocha akafukuza watu wote uwanjani kwa hofu ya umeme.

Karatasi yangu ilijaa misalaba. Nisingeweza kuandika vinginevyo. Kusema uongo ni dhambi. La goti sikulisema.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefikiri siku mbili. Kusema uongo ni dhambi, naam. Lakini kuandaa mazingira ili ukweli wenyewe uwe mbaya? Nimeipitia katekisimu kichwani tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hilo halimo.

Mtu ambaye Hénock humzuia mazoezini anaitwa Thierry. Fundi cherehani wa Rockey Street, mvi kwenye masikio, mchezaji mkongwe kuliko wote klabuni. Naye ni wa Uvira. Tena Hénock ana mchumba, Murielle, msusi, binti aliyefiwa na baba na asiye na mzee hata mmoja katika jiji hili wa kupokea posa yake. Sisi tulio ugenini twajua la kufanya: asiye na baba huku huazima.

Nilimpelekea Thierry suruali ya kupunguza. Nikamweleza habari za yatima wa kwao. Alizima cherehani. Alifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha bitana. Akakubali kusimama kama baba. Nikavuka roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, hadi saluni. Murielle, mikono ikiwa katikati ya kichwa cha mteja, alisema alikuwa akimwomba Mungu mtu wa namna hiyo. Tendo jema kabisa! Kwamba tendo hili lina mkia, ni siri yangu na Mbingu.

Alasiri nikamjulisha Hénock kwamba tangu leo Thierry ni baba mkwe wake. Aliketi kitandani polepole. Kwao, kama kwetu, mkwe hasukumwi. Mkwe hapiganwi kikumbo. Ukikutana naye njiani, unashika majani na kumpisha. Akauliza kama ni hivyo hata uwanjani.

Nikamjibu kwamba heshima haina mistari ya chokaa. Sentensi nzuri. Naiombea radhi.

Jumamosi, 8 Februari

Mechi ya kwanza ya majaribio, wenyewe kwa wenyewe. Thierry upande ule, Hénock upande huu.

Filimbi. Thierry akaja kama lori la mchanga. Hénock akainamisha kichwa, akakutanisha viganja, akasogea pembeni na kusema kwa besi yake nzuri, "Karibu, baba, pita." Thierry akapita. Mrushaji akalala.

Nikaandika kistari. Ukweli mtupu.

Ikawa vile vile mara ya pili. Mara ya tatu mrushaji alikuwa anakimbia kabla mpira haujaanza. Kocha Tshidi alinijia akauliza kama kijana ni mgonjwa. Nikasema, la, ni mwenye adabu. Akasema, eish, amewahi kuona kila aina ya udhaifu, huu bado.

Vistari, vistari. Furaha haikuja kama nilivyoitarajia. Hénock alikuwa akiitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Nikatia peremende mdomoni ili nifanye jambo fulani.

Ndipo Thierry akavua kofia yake ngumu, akamwendea mbele ya watu wote. Nilidhani atamshukuru kwa heshima. Akasema, "Kijana, mimi ni mzee, nina goti moja la kufaa. Kama mimi mwenyewe unaniachia njia, siku wezi wakija kwa binti yangu, utawawekea chai?"

Akatangaza kwamba posa haipokelewi. Hampi binti yake mlango usiofunga.

Nikaimeza peremende nzima.

Jumapili, 9 Februari

Hénock alikuja Misani. Alifungua kinywa. Ilitoka hewa.

Nje ya kanisa Murielle alinisalimu kwa mikono miwili na goti kidogo. Akaniuliza, kwa sauti ya kumhudumia mteja, ni nani aliyepata wazo la kumtafutia baba juma lile lile la majaribio. Nikakohoa. Akaniambia, "Papa Méthode, wewe ni mtu mwema sana. Sasa huyu baba uliyeniletea, mrekebishe. Ao umrudishe penye ulimtoa." Akarekebisha tai yangu, akaikaza kidogo zaidi ya inavyohitajika, akaenda zake.

Hénock hakuja kula. Kupitia ukutani alisema hana njaa, na aliomba radhi kwa kutokuwa na njaa. Nilipakua sahani mbili kwa mazoea. Nilikula nikitazamana na kile kiti. Nilitaka besi ibaki Jumapili. Sasa ninayo Jumapili, na besi imekwenda.

Jumatano, 12 Februari

Kwa Thierry tena, na suruali nyingine isiyo na kasoro.

Nilimweleza kwamba kosa si la kijana bali ni la mila, na kwamba mila ina mlango wake: mkwe mwenyewe akimkaribisha kijana wakanywa chombo kimoja, haya ile inapungua, wanaweza kushikana mikono na hata kufanya kazi pamoja. Sikueleza ni nani aliyeileta mila hiyo uwanjani. Hakuuliza. Alikuwa na sindano mdomoni.

Alipoitoa alisema hataki mbuzi, hataki pombe. Kama baba wa binti anadai kitu kimoja tu: Jumamosi kijana amlaze chali kwenye majani, mbele ya mashahidi. Nikapinga. Nikasema jambo hilo haliwezekani bila ruhusa iliyotamkwa, kijana akiwa amepiga magoti. Akakubali magoti. Nikadai pia chombo kimoja chenye mirija miwili, kama kwetu. Akakubali mirija. Sisi wazee tunapojadiliana hatuachi mlango wazi.

Kocha Tshidi, kwa simu, akakataza pombe ya aina yoyote kabla ya mechi. Tutatumia Fanta.

Jumamosi, 15 Februari

Majaribio ya mwisho. Leo kocha anachagua.

Pembeni mwa uwanja wa Kensington, Hénock akiwa na magodoro yake yote mabegani, alipiga magoti mbele ya fundi cherehani. Chupa moja ya Fanta, mirija miwili. Nilisema maneno machache juu ya heshima na juu ya kazi. Wachezaji wengine walidhani ni sala, wakavua kofia zao ngumu. Nilipomaliza wakaitikia Amina. Kocha alikuwa akitazama saa. Thierry akampa kijana mkono, akamwambia, "Nimekufungulia. Sasa nifungie."

Filimbi.

"Samahani, baba," akasema Hénock.

Sauti ilikuwa ya kabati linaloangukia kabati. Thierry alikuwa chali, miguu juu. Mrushaji alisimama nyuma kwa raha zake, akatafuta wa kumrushia kama anayechagua nyanya sokoni. Hénock akamwinua mkwe wake, akampangusa majani mgongoni, akamwuliza habari za kiuno. Kisha wakarudi mstarini akamlaza tena. Na tena. Thierry kutoka chini alikuwa anacheka, anawaita watu waje wamwone mkwe wake.

Misalaba. Kalamu yangu haikusita. Nilipompa kocha karatasi, hakuisoma. Alisema hata yeye leo amesahau kutazama mpira. Akamwita Hénock akamwambia yumo.

Wenzake walimrukia, kofia zikigongana. Sikuuona uso wake, ila mikono yake mikubwa ikipigapiga migongo ya watu, taratibu, kama mtu anayelaza watoto. Nilitoa leso. Vumbi la Kensington si la kuchezewa.

Majuma mawili sikuutazama mpira hata mara moja. Sijui ni nani aliyeshinda mechi hizi. Nimemwona mtu mmoja tu akisimama mbele ya mwenzake ili mwenzake asiumizwe, na nadhani nimeona mchezo wote.

Jumatatu, 17 Februari

Jana kwaya iliimba bila besi. Vijana wa klabu walikuwa na mazoezi yao ya kwanza ya msimu. Wimbo ulichechemea. Mama yule wa benchi la mbele aliniuliza kama nimebadilisha kinanda. Nilimwambia, kwa unyofu, kwamba besi yetu imepata wito mwingine, na kwamba ni wajibu wa mzee kumwachia kijana njia yake. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilipopita mbele ya picha ya Emérite niliahidi kwamba sitaingilia tena mambo ya mtu yeyote, kamwe.

Leo alasiri Hénock amekuja na Murielle. Thierry yuko tayari kupokea posa. Waliniomba, kwa heshima kubwa, niwe mshenga. Murielle alinitazama kwa muda kabla ya kuongeza kwamba wazo hili ni la Hénock. Nilikataa mara moja kwa adabu, nikakubali mara ya pili.

Nimeketi sasa na ratiba ya msimu aliyonipa kocha. Mshenga ndiye anayependekeza siku za vikao, na kwetu vikao ni vingi: kubisha hodi, kujitambulisha, kuuliza, kupokea jibu, kushukuru kwa jibu, kuthibitisha shukrani. Hakuna hata kimoja kinachorukwa bila kuleta mkosi. Bwana arusi sharti ahudhurie vyote. Nimelipima jambo hili kwa dhamiri safi, nami naona kwamba kila kikao kingefaa zaidi mara tu baada ya Misa. Misa yetu ni Jumapili asubuhi.

Halitasemwa neno hata moja la uongo.