Herufi M na Kichwa Changu

Jumatatu, 4 Machi

Barua ya hospitali imefika. Alhamisi, saa mbili asubuhi: vipimo vya kumbukumbu na umakini. Vitachukua zaidi ya saa nne nzima! Hakuna sindano wala mashine. Maswali tu, michoro na vipande vya mbao, mbele ya mwanasaikolojia. Nilale vya kutosha, nile, nibebe miwani, nije na ndugu anayenijua vizuri. Kisha kwa wino mzito: huu si mtihani, hakuna kufaulu wala kufeli, usijiandae.

Usijiandae! Mimi? Niliyeshika nafasi ya kwanza tangu chekechea?

Mkuu wa ofisi yetu ya kutunga kamusi alishasema waziwazi. Ripoti ikiridhisha, narudi kazini. Isiporidhisha, herufi M anabaki nayo mwenzangu, Bwana Koma. Ameshahamia mezani kwangu, nyoka yule! Amenitumia ujumbe: nisijali, dada yangu, M anaiangalia. Miaka miwili nimeilea M. Ni kweli kwamba tangu sanduku la kadi za maneno ya K liliponiangukia kichwani, nilieleza maana ya "mbwa" mara mbili, na mara ya pili nikampa pembe. Ajali ya kazi.

Jumanne, 5 Machi

Upelelezi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipimwa hivyo hivyo mwaka jana. Nimempelekea ndizi. Akasema watu huambiwa wataje wanyama wengi wawezavyo kwa dakika moja. Na mengine? Hakumbuki. Ndiyo maana alipimwa, mama wee.

Inatosha. Nimekusanya wanyama mia moja arobaini na watatu, kwa mpangilio wa alfabeti. Kaka akauliza kwa nini nisitaje tu wanaonijia. Nikamjibu kwamba wanaojijia tu hawana nidhamu. Akasema maskini kichwa, kilikuwa hivi hata kabla ya sanduku.

Jumatano, 6 Machi

Mama ndiye ndugu atakayehojiwa. Nimemwandikia ukurasa wa majibu. Amekataa: umri wake huu, amdanganye daktari? Nikamweleza kwamba huo si uongo, ni uhariri. Akanikumbusha kwamba juzi nilifungia birika kabatini, nikatoka kutangaza kuwa tumeibiwa. Nikalia kidogo, kwa makusudi. Akakubali: atasema nilichoandika, neno kwa neno.

Mshindi!

Alhamisi, 7 Machi

Nimesahau miwani.

Mwanasaikolojia ni mama wa makamo, mpole, mwenye saa ya kubonyeza. Akaniazima miwani ya droo. Nikarudia tarakimu kinyumenyume, safi. Akanisomea orodha ya maneno niyarudie. Nikaanza kuyaeleza maana. Akaniomba ninakili mchoro, nikausahihisha. Akaandika jambo. Kila nikirefusha shingo nisome, anahamisha karatasi.

Kisha, wanyama!

Bafe, bata, beberu, buibui, bundi, bweha, chatu, chui, chura, digidigi, duma... Nimemruka dubu! Siwezi kumruka dubu. Nikarudi mwanzo. Bafe, bata... duma. Dubu tena! Nikaanza upya, jasho likinitiririka. Saa ikalia. Dakika nzima, wanyama kumi na mmoja, na hakuna aliyevuka D. Ng'ombe sikumtaja.

Akauliza kama nilijiandaa. Nikakana katakata. Akatabasamu, akaenda chumba cha pili kumhoji Mama. Mlango haukufungwa vizuri.

Mama alitimiza ahadi. Alivaa miwani yake akasoma ukurasa wote kwa sauti, maswali na majibu. "Je, huwa anasahau? Hasahau kamwe. Hapa Mama atabasamu."

Mwanasaikolojia akarudi amebana midomo, akizuia kicheko kwa taabu. Akaniletea chai. Akasema, mdogo wangu, mimi sitafuti alama. Natafuta mahali unapochoka, nijue pa kukusaidia. Ukijifunza majibu, ni kama kwenda kwa daktari wa mguu na kukataa kuchechemea.

Hapo nikalia bila makusudi. Nikamwambia kweli: ikifika saa sita naisoma kadi moja mara nne na haiingii. Kwamba nje ya kamusi sijui mimi ni nani. Naogopa. Akasema hilo ndilo jibu langu la kwanza la kufaa siku nzima. Tukaendelea. Nikashindwa mengi, kihalali.

Ijumaa, 15 Machi

Majibu! Kumbukumbu nzuri. Umakini ndio unaochoka baada ya saa mbili za kazi. Ni jambo la kawaida kwa aliyegongwa kichwa, na kwangu dalili za kupona zipo. Nirudi kazini nusu siku, nipumzike dakika kumi kila baada ya dakika arobaini na tano. Mkuu amekubali. Asubuhi M ni yangu, mchana ya Bwana Koma. Mama akanishika mkono hadi getini, akaniambia sasa nitulie, mwanangu, kichwa ni kimoja. Nikamwahidi. Nimebadilika kabisa. Mapumziko ni dawa.

Nimepiga hesabu. Mapumziko manne kwa asubuhi moja ni dakika arobaini. Kwa dakika arobaini, mtu mwenye bidii humaliza kadi ishirini, na Bwana Koma hawezi kulalamika, kwa sababu ni amri ya hospitali. Nimeshazipanga kadi ndani ya mkoba wa chakula, chini ya mkate. Hakuna aliyewahi kupumzika katika ofisi ile kama nitakavyopumzika mimi.